Mguu wa Mpasha Misiba

Yotamu aliposimama mbele ya lango la mtu bila kupiga hodi, mwenye nyumba hakuhitaji kuambiwa neno. Alijua kuna mtu wake amekufa. Kilichobaki ni jina.

Ndivyo ilivyokuwa katika vilima vilivyo juu ya Ilomba tangu mwaka 1933, wazee wa Kanisa walipomchagua kupeleka habari za misiba. Walimchagua kwa sababu ya miguu yake. Alikuwa mrefu, mkavu, mtu aliyebeba mizigo ya askari wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na baadaye akawa anakwenda kwa miguu hadi machimbo ya dhahabu ya Lupa na kurudi kama mtu aliyetoka kisimani. Utaratibu aliupokea kwa mzee aliyemtangulia, naye hakuuongezea wala kuupunguzia kitu. Hupigi hodi, maana hodi hupigwa na mtu anayetaka kukaribishwa. Huvuki lango. Huketi. Unavua kofia, unaishika kifuani, unasimama mpaka mwenye nyumba atoke mwenyewe. Akitoka unamtajia marehemu na siku ya maziko, kisha unaondoka bila kugeuka nyuma. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama hivyo mara mia mbili na kumi na saba.

Njia ya kutoka kwake ilifuata mgongo wa kilima. Upande mmoja zilijipanga nyumba kumi na moja, kila moja na ua wake wa mianzi na lango lake. Upande wa pili lilikuwa bonde. Asubuhi nyingi ukungu ulijaa bondeni ukafurika mpaka njiani, ikawa anayepita pale anaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu, kama mtu asiye na miguu.

Jumanne moja ya mwezi Mei mwaka 1955 Yotamu alipita njia hiyo akienda dukani kununua chumvi. Alipofika mbele ya nyumba ya Tusajigwe, mjane aliyekuwa akilea wajukuu watatu, msuli wa nyuma ya mguu wake wa kushoto ulikamatwa. Hakujikwaa wala hakuteleza. Ilikuwa kama mtu aliyelala chini ya ardhi amepenyeza mkono, akaushika ule msuli na kuukamua kama nguo iliyofuliwa. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi. Jasho lilimtoka usoni licha ya baridi. Akavua kofia ili ajifute.

Tusajigwe alikuwa anatoka na ungo wa maharage. Alipomwona, ungo ulimteleza mikononi.

"Ni nani?" akauliza.

"Hakuna, mama. Napumzika tu."

"Wewe hupumziki kwenye lango la mtu."

Yotamu alijaribu kumweleza habari ya mguu, lakini alikuwa mtu asiyezoea kusema maneno mengi mahali pale, na kila alilosema lilimtoka kwa sauti ileile aliyotumia kwa misiba. Mjane alipiga magoti katikati ya maharage yaliyotapakaa, akaanza kutaja ndugu zake mmojammoja, akimtazama usoni kila anapotaja, ili aone jina lipi litamtikisa. Majirani wakaja. Baada ya dakika tatu hivi ule mkono ukaachia, kama haukuwapo kamwe, na Yotamu akavaa kofia yake akaenda kununua chumvi. Nyuma yake kilio kilikuwa kimeshaanza.

Siku ya kumi na moja lori lilileta barua kwa Mchungaji Eliezeri. Ilikuwa inatoka Ubaruku, kwa watu waliolima mpunga huko. Kaka yake Tusajigwe alikuwa amekufa kwa homa. Mchungaji alimwita Yotamu kama kawaida, na Yotamu akaenda kama kawaida, akavua kofia, akasimama. Tusajigwe alitoka amekwisha kujifunga kitambaa cha msiba kichwani.

"Umechelewa, tata," alimwambia, kwa neno la Kinyakyusa la kumwita baba. "Ulishaniambia."

Kuanzia hapo watu walianza kuuhesabu mguu wake. Naye aliuhesabu. Kutoka mlangoni kwake hadi lango la Tusajigwe, la saba, zilikuwa hatua mia tatu na kumi, na mkono haukumkamata hatua kumi kabla wala kumi baada. Mwezi Juni ukaanza kumkamata kwenye hatua ya mia mbili na sitini, mbele ya lango la sita. Kufikia mwisho wa mwezi ilikuwa mia mbili na kumi, mbele ya la tano. Ulikuwa unakuja nyumbani. Kila ulipohamia, nyumba iliyokuwa nyuma ikapumua, na nyumba iliyofuata ikafunga lango. Mwenye lango la tano alimwaga majivu kuvuka njia, ingawa alikuwa mshiriki wa meza ya Bwana. Akina mama walisikia mkongojo wa Yotamu ukigonga mawe, wakaita watoto ndani, na hata mbwa wakaitwa. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimu kwa heshima kutoka ndani, sauti bila sura, wakingoja kusikia kama zile hatua zitaendelea.

Alijaribu kupita bila kusimama. Siku moja aliukaza mwili na kuukokota ule mguu mbele ya lango la tano, akaanguka kwa mikono yake mbele ya la sita, na waliokuwa mle ndani walilia kutwa nzima. Baada ya hapo akaacha kutembea. Alimwambia mkewe, Ikupa, kwamba mguu wake umekuwa ukijua mambo ambayo yeye hayajui, na kwamba mtu wa namna hiyo ni afadhali akae.

Mwezi Julai baridi ya kilimani inauma hata wenye damu ya moto. Yotamu, akiwa amekaa kutwa jikoni, alianza kuhisi kwamba wayo wake wa kushoto si wake. Ulikuwa baridi wakati wa kulia ni wa moto. Nywele za muundi zilikuwa zimepukutika, ngozi ikang'aa kama kibuyu kilichopakwa mafuta, na kucha zikawa nene na za manjano. Akawasha kiko chake, chenye tumbaku aliyoilima mwenyewe kando ya ukuta wa nyumba, akausogeza mguu kwenye mafiga ili upate joto. Kila siku aliusogeza kidogo zaidi, maana joto halikufika.

Alasiri moja alinusa nyama.

"Mama Lusia," akamwita mkewe, "nani anachoma nyama leo?"

Ikupa alikuwa anamenya viazi mlangoni. Alisema hakuna aliyechinja. Akageuka amtazame mumewe, akaona kidole kikubwa cha mguu wake kimelala juu ya kaa la moto, na moshi mwembamba unapanda, na Yotamu anavuta kiko chake akingoja jibu.

Kidonda hakikuwa kikubwa. Ikupa alikiosha, akaweka majani aliyotwanga, kama alivyofanya kwa vidonda vya watoto wake saba. Wiki tatu zikapita kisipone. Kingo zake zikawa nyeusi. Wakati huo maumivu yalikuwa yamehamia kwenye wayo wenyewe, yakimjia akiwa amelala, na hayakutulia mpaka auning'inize mguu nje ya kitanda. Ikupa aliposema sasa basi, mpwa wao Asukile, mkulima wa makamo mwenye baiskeli, alimkalisha mjomba wake kwenye kiti cha nyuma na kumsukuma mpaka zahanati iliyokuwa barabarani, upande wa Iyunga. Katika nyumba zote kumi na moja waliona kwamba safari hii Yotamu amepita bila miguu yake kugusa ardhi. Hawakujua waihesabuje.

Dresa wa zahanati, mhudumu wa vidonda, alikuwa Mhehe wa Iringa, Mkatoliki, jina lake Philbert. Alifungua kitambaa akatazama yale majani.

"Ninyi Wanyakyusa mnapikia mpaka vidonda," alisema. "Hii ni mboga gani?"

"Ninyi wa Iringa mngemwagia ile pombe yenu ya mianzi, ulanzi," Ikupa alimjibu.

"Ulanzi ungekuwa umeshaosha, mama."

Kisha akaacha utani. Alimlaza Yotamu kitandani, akaiinua miguu yote miwili juu akaishikilia. Wayo wa kulia haukubadilika sana. Wa kushoto ulipauka mpaka ukawa mweupe kama uliopakwa unga. Alipomwambia aketi na kuiteremsha, ule mweupe ulikaa muda mrefu, halafu rangi ikaanza kupanda polepole, si rangi ya afya, nyekundu iliyoiva kuelekea zambarau. Philbert alichukua vidole vya Yotamu mwenyewe, akaviweka juu ya wayo wa kulia, katikati, chini kidogo ya kifundo.

"Unasikia?"

Yotamu alisikia. Kitu kidogo kilikuwa kinagonga, kama kifaranga ndani ya yai. Dresa akavihamishia vidole vyake kwenye wayo wa kushoto, mahali palepale. Yotamu alingoja. Alibonyeza, akalegeza, akasogeza huku na huku. Mle ndani palikuwa kimya. Katika kazi yake alikuwa amesaidia kuwanyoosha marehemu wengi kabla hawajakakamaa, na ule ukimya aliujua kwa vidole. Hakuwahi kuukuta mahali ambapo ni pake.

Philbert alimweleza taratibu. Mishipa inayopeleka damu mguuni imesinyaa ndani. Mguu ukikaa, damu kidogo inautosha. Ukitembea, unadai zaidi, haipatikani, basi unalia. Ukisimama, unatulia. Ndiyo maana mkono ule ulimwachia kila mara baada ya dakika tatu. Haujui habari za mtu yeyote. Aliorodhesha asiyopaswa kufanya: asiusogeze motoni tena, maana hauhisi; asitembee pekupeku; kiko akitupe leo, kwa kuwa tumbaku inaibana mishipa iliyokwisha kubanwa. Alisema kidonda kitasafishwa kila siku ya pili.

Daktari wa mjini, aliyepita pale mara moja kwa mwezi, alikuja siku hiyo mchana. Alitazama kidole cheusi, akashika mguu kutoka gotini kushuka, akatoa kalamu ya wino usiofutika haraka na kuchora mstari kuuzunguka, kiganja kimoja chini ya goti. Akasema kwa Kiswahili cha kujifunza kwamba ule weusi ukipanda, watakata hapo. Atautazama kila mwezi, na mwezi Januari ataamua.

Daktari alipoondoka, Philbert aliegemea ukuta.

"Kuna jambo moja la kufanya, mzee, nalo liko mikononi mwako. Tembea. Kidonda kikianza kukauka tu, tembea kila siku. Nenda mpaka mguu uume. Ukiuma simama, usiulazimishe. Ukiacha kuuma, endelea mpaka uume tena. Damu ikikosa barabara kuu hutafuta vichochoro, lakini haitavitafuta umekaa."

"Nisimame wapi?" Yotamu aliuliza.

Dresa hakulielewa swali. Ikupa na Asukile walilielewa.

Alikwenda kwa Mchungaji Eliezeri akiwa kwenye baiskeli, akaomba avuliwe kazi. Lilikuwa jambo gumu kwake kuliko kiko. Jumapili iliyofuata ilitangazwa kanisani kwamba kuanzia sasa habari za misiba zitapelekwa na Asukile, na kwamba Yotamu akisimama langoni kwa mtu, amesimama kwa ugonjwa wa mishipa. Watu waliitikia amina. Wengine walitazama chini ya benchi, penye katambuga, kiatu cha tairi alichokikata kipana na kukitandika sufi ndani, kidole kilichofungwa kikichungulia kama uso wa mtoto mgongoni.

Mwezi Septemba kidonda kikaanza kukauka. Asubuhi ya kwanza, mbele ya lango la nne, hatua mia moja na sitini, mguu ukamkamata. Lango hilo lilikuwa la Sedekia, fundi seremala wa zamani, mtu mwenye kifua kibaya aliyekuwa akikohoa tangu mwaka uliopita. Ukungu ulikuwa mzito. Yotamu alikaza kofia kichwani kwa mkono ili isije ikateleza. Akasikia kikohozi kinakuja, kinasimama upande wa pili wa mianzi, karibu sana.

"Ni mimi?" Sedekia aliuliza.

"Si wewe. Ni mguu."

"Najua ni mguu. Ndiyo nauliza, umekuambia ni mimi?"

"Dresa anasema haujui kitu."

Sedekia alifikiri. "Dresa ni Mhehe," alisema. "Haya. Simama mpaka uishe. Mimi nami nitasimama."

Wakasimama, mmoja huku mmoja kule, kila mtu akimsikia mwenzake anavyopumua. Maumivu yalipoachia Yotamu alisema asante, akaenda. Ikawa hivyo kila asubuhi. Sedekia hakufungua lango na Yotamu hakumwona uso, ila alizoea kuisikia ile pumzi ya filimbi ikimngojea hata kabla hajafika. Nyumba nyingine ziliona kwamba Sedekia anaendelea kuishi, nazo zikajifanya hazisikilizi.

Ikupa aling'oa tumbaku ukutani akapanda maboga. Mwezi Oktoba daktari alitazama, akasema bado, akapitisha kalamu juu ya ule mstari uliokuwa umefifia. Novemba akaipitisha tena, lakini weusi haukuwa umepanda. Mkono uliokuwa unakuja nyumbani ulikuwa umeanza kurudi nyuma. Ulimkamata kwenye hatua ya mia na sabini, mbele kidogo ya lango, kisha mia na themanini; alipofika hapo alirudi kwa hiari yake kusimama na Sedekia, maana aliona si adabu kumwacha anangoja.

Tarehe mbili Desemba alitoka akitembea vizuri kuliko siku zote. Alikuwa anahesabu. Alipita mia na sitini, mia na themanini, mia mbili, na furaha ya ile hesabu ilimpeleka mpaka mbele ya lango la tano ndipo akaumwa. Hakurudi. Alipokuwa amesimama pale akikumbuka, aliona hakuisikia ile pumzi alipopita.

Mchana ule Asukile alivua kofia mbele ya lango la Sedekia, ili kuwaarifu wana wa mzee watakaporudi kutoka shambani. Sedekia alikuwa amekufa asubuhi, ameketi kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, upande wa ndani wa ua, uso umeelekea njiani.

Tangu maziko yale hakuna aliyefunga lango. Keshoye Yotamu alikuta watu wamesimama nje ya kila nyumba, wakimngojea. Mwenye lango la kwanza alimshika mkono, akamwomba asimame kidogo. Wa pili alimletea kigoda. Wa tatu alimwita babu, akasema watoto wanataka kumsalimu. Hawakutaja kitu, naye hakuwauliza. Walitaka asimame kwao kama alivyosimama kwa Sedekia siku zote alizokuwa hai. Yotamu alikuwa mtu wa huruma na tena alijiona ana deni la siku ile moja, basi alisimama. Alisimama malango kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi, kila lango dakika zake, na akafika nyumbani bila kuumwa hata mara moja.

Alifanya hivyo siku tisa. Siku ya kumi, wakati Ikupa anamfungua kidole, kitambaa kilinata. Kidonda kilikuwa kimelowa tena, na ukingoni palikuwa na uzi mweusi usiokuwapo jana. Ikupa aliweka kidole chake kwenye ule mstari wa wino chini ya goti, akamtazama mumewe mpaka naye akautazama.

Asubuhi iliyofuata Yotamu alipita lango la kwanza bila kusimama. Alisalimu akapita. Alipita la pili. Nyuma yake alisikia mtu anavuta pumzi kwa nguvu. Alipita la tatu, na lile la nne lililokuwa wazi na kiti kitupu ndani, akapita la tano na la sita, watu wakimwita kwa sauti ya chini, babu, mzee, tata. Mbele ya la saba Tusajigwe aliingia katikati ya njia.

"Umeuma?"

"Bado."

"Basi simama kwa ajili yangu."

"Nikisimama kwa ajili yako, mama, wananikata hapa." Akamwonyesha kwa mkongojo.

Mjane aliutazama mguu muda mrefu. Kisha akageuka akalitazama lango lake, kama mtu anayepima umbali wa mto. Akatoka njiani moja kwa moja, akaliacha lango nyuma yake wazi, akasimama ubavuni mwa Yotamu.

"Twende," alisema. "Nikiwa nawe, hujanipita."

Wakaenda. Baada ya hatua chache Yotamu alisikia mkongojo wake unajibiwa na nyayo nyingi. Hakugeuka nyuma, miaka ishirini na miwili ilimfundisha kutogeuka. Mguu ulimkamata mbele ya shamba la pareto, hatua mia tatu na themanini na tano, mahali pasipo lango la mtu. Akasimama. Nyayo zote zikasimama. Maumivu yalipoachia, wakaendelea naye, mstari mmoja, ukungu ukiwafika kiunoni.

Wakawa wanakuja kila siku. Walitoka majumbani kabla hajafika, wakaingia nyuma yake, wakasimama aliposimama. Krismasi haikuwazuia, wala mvua.

Mwezi Januari, siku ya daktari, Yotamu alikwenda zahanati kwa miguu yake, akisimama mara kumi na nne njiani. Daktari alifungua kidole akakuta ngozi mpya, nyembamba, ya waridi. Alitafuta ule mstari wa wino, akakuta alama hafifu tu, akarudisha kalamu mfukoni. Philbert akauliza ni hatua ngapi sasa bila kuumwa. Yotamu alisema mia tano na thelathini.

Mfagiaji wa zahanati aliingia akiwa ameshika kofia yake mkononi, akanong'ona na dresa. Nje kuna watu wengi kutoka mlimani, alisema, wamesimama langoni, hawapigi hodi na hawataki kuketi. Alikuwa amefungua chumba cha nyuma na kutandika shuka. Alitaka kujua ni maiti ya nani waliyoijia, maana yeye hakumbuki kama kuna aliyekufa.

Yotamu alifunga katambuga yake taratibu, akashika mkongojo, akatoka kuwaendea.